Mama Uzi, Aliyejalidi Majibu ya Watoto Wetu

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi wazazi wa Jumamosi mliosafiri kuja kutusaidia kumlaza: mimi ni wifi yake marehemu, dada mdogo wa mumewe. Najua kumpa wifi wasifu wa wifi ni sawa na kumpa fisi bucha alinde. Wapo waliouliza pale nyumbani kama hakuna mtu mwingine wa kusoma. Wako wengi, lakini marehemu mwenyewe alinichagua akiwa bado na nguvu zake. Alisema, "Mwacheni wifi asome. Ninyi wengine mtanipamba mpaka nisijijue." Akaagiza pia kwamba kosa lake kubwa lisirukwe. Kwa hiyo nitayasema yote, na kosa hilo nitalifikia.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumamosi, tarehe 14 Aprili 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kibanda cha baba yake. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Baba alikuwa fundi viatu na mama alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, basi nyumba yao ilinukia ngozi upande mmoja na sabuni upande mwingine. Baba ndiye aliyemfundisha kuvuta uzi juu ya nta mpaka ukakaza, na kutunga sindano bila kuitazama. Akiwa na miaka sita alivishona pamoja viatu viwili vya mteja mmoja, cha kulia na cha kushoto, ili visipoteane. Baba yake alicheka mpaka akaketi chini. Mteja hakucheka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza 1970, kisha akasoma sekondari miaka miwili. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alijulikana kwa jambo moja: kitabu kikichanika, mwalimu mkuu alimpa yeye akishone. Tatizo ni kwamba alikisoma kwanza, akakishona baadaye, akakirudisha pale wenye shida nacho walipokwisha kufanya mtihani. Mwishoni mwa 1972 macho ya baba yake yaliharibika, na ada ikakosekana. Marehemu aliacha shule. Hakuwahi kulizungumza jambo hilo kwa uchungu mbele yetu, lakini binti zake wanakumbuka alivyosimama nje ya lango siku walipoanza sekondari, mpaka kengele ikagongwa na lango likafungwa.

Tarehe 4 Machi 1974 aliajiriwa kama mwanafunzi wa kazi katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha kujalidi vitabu. Wengi wenu mlifanya naye kazi humo na mnakikumbuka chumba kile: meza ndefu iliyokwaruzwa na visu vya watu waliokwisha kustaafu, sufuria la gundi lililokuwa halipoi, madirisha ya juu yaliyoingiza mwanga bila kuonyesha mtaa. Kwenye kona ilikaa mashine ya kukatia karatasi yenye gurudumu la chuma, nzito kama ng'ombe aliyelala. Hapo ndipo alipopewa jina la Mama Uzi, hata kabla hajawa mama wa mtu. Msimamizi wake alikuwa na usemi wake kwamba kitabu kisichokatwa kingo ni kama bwana harusi ambaye hakuchana nywele. Marehemu aliuamini usemi huo kwa moyo wote. Karatasi iliyochungulia nje ya wenzake ilimnyima raha.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori lililoleta karatasi kiwandani. Wanaomjua leo, mzee huyu aliyeketi hapa mbele kimya, hawatanisadiki nikisema kwamba enzi zile angeweza kuongea na ukuta ukamjibu. Alifika na mzigo, akasimama mlangoni mwa chumba cha kujalidi, akaanza habari za barabarani. Siku moja marehemu alimwambia bila kuinua kichwa, "Kaka, shusha karatasi kwanza. Maneno utayashusha baadaye." Kaka alirudi nyumbani akatuambia amempata mke. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1979. Nilimpima kwa jicho la wifi, kama ilivyo haki yangu, nikitafuta kasoro. Niliambulia moja tu: alitandika vitanda kwa pembe zilizonyooka kiasi kwamba mgeni aliogopa kulala. Tuligombana kwa miaka miwili ya mwanzo, hasa kuhusu nani anamjua kaka zaidi, halafu tukachoka, tukapendana.

Mungu aliwajalia binti mwaka 1981, binti mwingine mwaka 1984, na tarehe 23 Juni 1988 akaja mtoto wa kiume, wa mwisho, tuliyemwita Kitinda na tunamwita hivyo hadi leo.

Kitinda alikuwa mtoto wa kucheka. Mzaha ukianza yeye aliuona mwisho wake, akacheka peke yake huku sisi tukiwa bado njiani. Ukimtuma uzi mweusi mwembamba hakuleta mnene. Lakini akifungua mdomo hakikutoka kitu ila "ba" na "mm", na alipotimiza miaka minne hali ilikuwa ile ile. Siku moja, akiwa amesimama juu ya kiti jikoni, alisema "dirisha". Alilisema lote, safi, kama mtangazaji wa redio. Nyumba nzima ilikimbilia jikoni. Neno halikurudi. Kwa majuma mengi marehemu alimsimamisha pale pale, juu ya kiti kile kile, akimwonyesha dirisha na kumbembeleza. Jioni moja mtoto alijaribu, midomo ikihangaika kutafuta mahali pa kukaa, mpaka machozi yakamtoka. Siku hiyo nilimwona wifi yangu akilia kwa mara ya kwanza.

Na watu hawakosi la kusema. Mmoja alisema anadekezwa. Mwingine alisema ulimi umefungwa, ukatwe kidogo chini. Jirani akasema ni mvivu, njaa itamfundisha. Mimi nilitania kwamba baba yake ameyamaliza maneno yote ya ukoo. Marehemu alinijibu papo hapo, "Basi mwambie kaka yako amrudishie mwanangu ya kwake." Tulicheka, lakini baada ya hapo kaka alikaa mezani siku ile yote bila kusema kitu.

Shule nayo ilimkataa. Mwalimu mkuu alisema mtoto asiyeweza kulitaja jina lake hawezi kuandikishwa, aletwe akishasema, au aletwe na karatasi ya daktari. Marehemu akaanza safari za hospitali. Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Damu ilipimwa, haina neno. Picha ya kichwa ikapigwa, na kaka akakopesha kila hadithi aliyokuwa nayo kwa wauguzi ili foleni isogee. Kila karatasi ilisema hakuna tatizo. Aliporudi na ya mwisho alikaa uani kwangu, akaiweka mapajani, akasema, "Wifi, mwenye majibu mabaya hupewa dawa. Mimi napewa majibu mazuri na kuonyeshwa mlango."

Lakini katika kuhangaika huko ndiko alikokutana na mwenzake. Ilikuwa mwezi Mei 1993, kwenye benchi la nje ya chumba cha kupimia masikio. Pembeni yake aliketi mama mmoja muuza mayai wa jumla, na binti wa miaka mitano aliyekuwa akimvuta kitambaa na kumwonyesha vitu kwa kidole. Tangu siku hiyo sisi tumemwita Mama Mayai, na yuko hapa leo. Mazungumzo yao marehemu aliyasimulia mara nyingi mpaka tukayajua kwa moyo; yeye ndiye aliyeanza.

"Wako anasemaje?"

"Hasemi. Wako?"

"Hasemi. Masikio je?"

"Wanasema mazima."

"Hata ya wangu. Dada, hebu nione karatasi yako."

"Na wewe lete yako."

Walibadilishana karatasi kwenye benchi lile, kila mmoja akaisoma ya mwenzake kama anayesoma barua iliyoandikwa kwake. Hawakuelewa nusu ya maneno yaliyokuwemo. Walielewa tu kwamba mistari ilipanda na kushuka mahali pale pale. Mama Mayai alimjua kinyozi mmoja mwenye mtoto wa namna hiyo. Kinyozi, kwa kuwa vinyozi huambiwa kila kitu, alimjua mwalimu wa hesabu mwenye mtoto wa namna hiyo hiyo. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa familia kumi na moja, na kila Jumamosi mchana sebule ya marehemu ilijaa wazazi, bahasha, na watoto waliocheza uani kwa kelele nyingi zisizo na maneno.

Si wote waliotoa karatasi kwa moyo mweupe. Kinyozi alikuja Jumamosi tatu mikono mitupu. Alisema siri ya nyumba haimwagwi sebuleni kwa watu. Marehemu alimjibu, "Ndugu yangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Na hawa wetu hata hawafi, wanaishi tu bila kusikika. Toa bahasha." Kinyozi akainua shati. Bahasha ilikuwa kiunoni, na ilionekana alikuwa akija nayo siku zote.

Mwanzoni mwa 1994 jambo likawa la haraka. Hospitali ilikuwa na mtaalamu mmoja tu wa matamshi, naye alifanya kazi na watu wazima waliopatwa na kiharusi. Watoto hawakuwa kwenye zamu yake. Zaidi ya hapo, ilisemekana mwisho wa Machi angehamishiwa hospitali nyingine, kwa kuwa hapa wagonjwa wake walikuwa wachache. Wazazi walimwendea daktari wa watoto. Aliwasikiliza, akasema ukweli wake: "Nikienda kwa wakuu na watoto kumi na mmoja wenye shida kumi na moja, hawatanisikia. Nileteeni kitu cha kuonyesha kwamba ni shida moja." Akawapa siku, Jumanne tarehe 8 Februari. Kitinda alikuwa anakaribia miaka sita. Mtaalamu akiondoka, mtoto angebaki na "ba" na "mm" zake, na mama yake alijua hivyo.

Sasa tumefika kwenye kosa.

Marehemu aliona bahasha kumi na moja zitapotea mikononi mwa makarani, karatasi moja itaanguka, nyingine itabaki chini ya kikombe cha chai. Akasema atazijalidi zote ziwe kitabu kimoja, kisichoweza kupoteza ukurasa. Wazazi wakampa. Ijumaa baada ya kazi, kwa ruhusa ya msimamizi, alibaki chumbani mwake na majibu ya watoto wote. Vikaratasi vidogo vya maabara alivibandika juu kabisa ya karatasi nyeupe, ukingo kwa ukingo. Alitoboa, akashona kwa uzi wa nta aliofundishwa na baba yake, akapaka gundi mgongoni, akasubiri ikauke. Zikabaki karatasi za vipimo tofauti, nyingine ndefu, nyingine pana, zikichungulia kila upande. Mnajua alivyokuwa. Alikipeleka kitabu kwenye ile mashine ya kona, akazungusha gurudumu, akakata juu, akakata chini, akakata mbele. Akavisha jalada la kitambaa cha buluu. Alisema hajawahi kujalidi kitabu kizuri kama kile, na mimi niliyekiona nasema hivyo hivyo.

Jumamosi alikiweka mezani kwa fahari. Mwalimu wa hesabu alikuwa wa kwanza kukifungua. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi nyuma.

"Mama Uzi," alisema, "majina yako wapi?"

Wauguzi wa hospitali ile waliandika jina la mtoto kwa mkono, juu kabisa ya karatasi, pembeni. Ni pale pale kisu kilipopita. Vipande vilikwisha kufagiliwa na kuchukuliwa na gari la taka za karatasi asubuhi ile. Watoto kumi na moja walikuwa wamebaki ndani ya jalada la buluu bila hata mmoja mwenye jina.

Nilikuwepo, nimekaa karibu na mlango. Kinyozi aliinuka kwenda nje, akarudi, akainuka tena. Kaka yangu, bingwa wa maneno, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Marehemu alisimama katikati ya sebule yake mwenyewe, akasema, "Nimewakata wanangu majina. Nimewakata kwa mkono wangu."

Mwalimu ndiye aliyetutuliza. "Kaeni chini," alisema. "Mzazi hawezi kumkosa mwanawe. Kipitisheni kitabu, kila mtu amtafute wa kwake, tuandike upya."

Kitabu kikaanza kuzunguka. Mama Mayai alifunua kidogo tu, akaweka kidole. "Huyu ni wangu. Sikilizeni: anaelewa yote anayoambiwa, neno halitoki. Ni yeye kabisa."

Kinyozi akainama juu ya bega lake. "Hapana, mama. Huyo ni wangu. Soma hapa chini, ulimi hauna kasoro, anatafuna vizuri."

"Wa kwangu naye anatafuna vizuri!"

"Samahanini," alisema mwalimu, "lakini hapo palipoandikwa kwamba neno moja hulitamka kila mara kwa namna nyingine, huyo ni binti yangu. Daktari aliandika nikiwa nimesimama pale."

Wakasonga wazazi wengine. Ukurasa mmoja ukadaiwa na watu wanne. Waliufunua wa pili, ukadaiwa na watano. Walivutana, wakabishana, sauti zikapanda, mpaka watoto wakaja kuchungulia dirishani. Halafu, sijui ni nani aliyekiachia kitabu kwanza. Walitazamana. Mama Mayai akaanza kucheka, akicheka akashika mdomo, na kicheko kikageuka kilio. Kwa miaka yote kila mmoja wao aliamini mtoto wake ni wa peke yake duniani, na wengine walikwisha kuamini ni adhabu. Marehemu akakichukua kitabu, akakikumbatia, akasema, "Kumbe tuna mtoto mmoja."

Hawakuandika majina. Walikipeleka kama kilivyo. Jumanne ile daktari wa watoto aliuliza ukurasa upi ni wa nani, na marehemu akamjibu, "Hatujui, daktari. Tumeshindwa kuwatofautisha. Ndiyo maana tumekuja." Daktari alikisoma akiwa amesimama dirishani, hata chai yake ikapoa. Alipomaliza macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, "Hawa wote wamepita mikononi mwangu, mmoja mmoja. Sikuwahi kuwaona wakiwa pamoja." Ndipo wazazi waliposikia jina la jambo hilo kwa mara ya kwanza: apraksia ya usemi. Aliwaeleza kwamba ubongo unalijua neno, mdomo una uwezo wa kulitamka, lakini maagizo yanapotea njiani. Si uvivu, si kudekezwa, si ulimi kufungwa. Dawa yake ni mazoezi, neno moja kurudiwa na kurudiwa mpaka njia ikazoeleka, na dawa hiyo haina njia ya mkato. Daktari alikiingiza kitabu kile kwenye kikao cha wakuu. Mtaalamu wa matamshi hakuhamishwa. Watoto walipewa asubuhi za Jumanne na Alhamisi. Majina yalipatikana baadaye, kwa mwalimu kulinganisha tarehe na daftari za hospitali, na marehemu akayabandika mwenyewe moja moja kama anayeomba radhi.

Baada ya hapo miaka ilipita kwa silabi. Ukiingia nyumba ile ulikuta "pa, pa, pa" mezani, "pati, pati" uani, na marehemu akishona huku akihesabu kwa kichwa. Leo nikikumbuka sauti zile nazitamani. Wakati ule nilikimbilia kwangu nikapumzishe masikio. Binti zake walijifunza kufanya kazi za shule katikati ya kelele hizo. Ila muujiza mkubwa ulikuwa kwa kaka yangu. Yeye aliyekuwa akiwamalizia watu sentensi zao kabla hawajazianza alifundishwa na mkewe kukaa, kufunga mdomo, na kumtazama mtoto usoni hadi neno lifike lenyewe. Alijifunza akiwa mtu mzima, kwa taabu, na alijifunza vizuri kiasi kwamba hakurudi tena kuwa kasuku tuliyemjua. Kitinda aliingia shule Januari 1996. Aliitika jina lake kwenye mahudhurio, kwa kuchelewa, na darasa likamcheka, na keshoye akaitika tena.

Wazazi wengine waliendelea kuja, kutoka mitaa mingine na miji mingine, na kitabu cha buluu kikapata wadogo zake saba. Wote aliwajalidi yeye. Hakuna hata kimoja alichokikata kingo. Karatasi zilichungulia juu na chini, mbele na nyuma, na msimamizi wake alivipita akitikisa kichwa, "Huyu ndiye fundi wetu bora?" Marehemu alijibu, "Hawa waache wachungulie, bosi." Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, na vitabu vile vinane vimo hospitalini hadi leo, kwenye chumba cha mtaalamu wa matamshi.

Nilisema sitampamba. Alikuwa mkali, alikuwa mbishi, na alipenda kunikosoa nilivyokunja nguo. Lakini alikuwa na hofu moja ambayo wengi hamkuijua. Kitinda alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi alikwenda dirishani kwa karani mmoja kuchukua kitambulisho. Alipoanza kusema, karani akammalizia neno, akakosea, akammalizia lingine, akakosea tena, kisha akamwambia akae pembeni aje na mtu mzima. Marehemu alikuja kwangu jioni ile. Hakuvua hata viatu. Alisema, "Wifi, nyumbani tunamngoja. Mimi namngoja, baba yake anamngoja, dada zake wanamngoja. Siku nikiondoka, huko nje nani atamngoja?" Nilimpa maji. Swali hilo aliliuliza tena mara nyingi, hata baada ya Kitinda kuwa fundi wa miwani mwenye wateja wake na kuoa mke mwema.

Mwaka 2019 alianza kuvimba miguu, na vipimo vikaonyesha figo zimechoka. Tangu Machi 2020 alikuwa akisafishwa damu hospitalini. Hata huko hakubadilika. Juma la pili alikwisha kuwaambia wagonjwa wa vitanda vya jirani wamwonyeshe majibu yao, na yeye akawaonyesha ya kwake. Muuguzi mmoja alimgombeza, "Mama, hapa si maktaba." Akamjibu, "Ndiyo, binti yangu, na ndiyo maana mambo hayajulikani."

Siku zake za mwisho Kitinda alikaa naye kila alasiri. Jumanne tarehe 11 Oktoba 2022 alikuwa akimsimulia habari za mteja aliyeikalia miwani yake na kudai ilikuja ikiwa hivyo. Alifika katikati, neno likakwama. Marehemu alikuwa amefumba macho. Muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka alimnong'oneza Kitinda, "Mwache, mama amelala." Marehemu akasema, bila kufumbua macho, "Sijalala. Nangoja." Na neno likatoka, na mama yake akacheka. Alifariki keshoye, Jumatano tarehe 12 Oktoba 2022, asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na sita. Mimi nimepoteza mtu wa kugombana naye, na sijui kama mnaelewa hiyo ni hasara ya namna gani.

Marehemu ameacha mume, binti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wakwe watatu, wajukuu saba, ndugu wawili, na mawifi wawili wenye kazi ya kunyoosha vitanda vyao wenyewe sasa. Ameacha pia watoto wengine kumi wa kitabu cha buluu, ambao leo ni watu wazima na sita kati yao ndio waliolibeba jeneza, na wale wa vitabu vilivyofuata, ambao siwezi kuwahesabu. Familia inawashukuru wauguzi, madaktari, majirani, na kila aliyetushika mkono.

Mwisho wa wasifu kama huu kuna maneno ya kumwombea marehemu mapumziko, na mnayajua. Mkitazama karatasi mlizopewa mtaona mahali pake pako wazi. Mchapaji alitupigia simu kuuliza kama tumesahau. Hatukusahau. Mwanawe ameomba ayaseme yeye. Amekuwa akiyafanyia mazoezi tangu Jumatano, na neno la kwanza ni gumu, linatoka mara moja na kukataa mara tatu. Linaweza kukataa hata sasa, mbele yenu. Tafadhalini, mtu yeyote asimsaidie, asikohoe, asiitikie kabla.

Kitinda, baba, njoo mbele. Sote tunakungoja.